Umenunua Subaru turbo iliyotumika Kampala? Mwongozo kamili wa kuikagua na kuinyoosha kabla hujaanza kukanyaga

Hela ishatoka, gari iko uani, majirani washausikia mlio. Hapa ndio vijana wengi wanakimbilia rimu, taa na ile "pshhh". Mimi nakwambia mwezi wa kwanza usiongeze kitu hata kimoja. Kazi yako ni kujua hiyo gari iko hali gani na kuirudisha karibu na ilivyotoka kiwandani, maana aliyekuuzia kakupa chuma na logbook, historia yake kabaki nayo.

Na kwa Uganda hili ni kubwa zaidi. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza gari yenye miaka 15 au zaidi toka itengenezwe, kwa hiyo zile Impreza GC8, GDA na GDB za kwanza, Forester SG5 (hizo ni kodi za bodi) na Legacy za zamani unazoziona mjini hazijatoka bondi, yadi ya magari yaliyoingizwa, juzi, zimekaa hapa hapa zikipita mkono hadi mkono, gereji hadi gereji, na kila fundi kaacha alama yake. Nitaongea zaidi kuhusu EJ20, enjini ya Subaru ya lita 2, yenye turbo kwa sababu ndio imejaa, ila kama yako ni ya lita 2.5 au Legacy GT mengi ni yale yale.

Mpangilio wangu ni huu: kwanza kinachoua enjini, halafu kinachoua giaboksi na difu, halafu kinachokuua wewe, nguvu mwisho kabisa. Isipokuwa kama breki zinavuta upande au tairi imetoa waya, basi usiiendeshe hata kwenda gereji, anza na hizo. Na weka pesa pembeni mapema, robo ya bei uliyonunulia si nyingi kwa gari ya aina hii.

Karatasi kwanza, haichukui muda

Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi na ile ya kwenye logbook, kisha namba ya enjini. Subaru nyingi hapa zishabadilishwa enjini, mtu kachukua nyingine Kisekka, soko la spea Kampala, akaifunga maisha yakaendelea, logbook bado inaonyesha ile ya zamani. Ukikuta hivyo dai risiti ya hiyo enjini kwa muuzaji na urekebishe kwenye usajili wakati bado anapokea simu zako. Angalia pia kama gari haina faini wala haijawekwa rehani kwa wakopeshaji, na ubadilishe jina haraka, "bosi tutabadilisha wiki ijayo" ndio mwanzo wa matatizo.

Isikilize ikiwa baridi

Muuzaji akikuonyesha gari ikiwa ishachemshwa alikuwa na sababu. Sasa ni yako, iache ilale usiku mzima, asubuhi fungua boneti kabla ya kuwasha. Kamata mpira mkubwa wa maji wa juu wa rejeta uuminye, gari imelala usiku kucha haitakiwi kuwa na presha, ukiwa mgumu kama jiwe anza kufikiria gasketi ya hedi. Chomoa dipstiki, angalia oili inafika wapi na inanukaje, ikinuka petroli sana kuna tatizo la kuchoma petroli au mtu anaendesha safari fupi fupi tu.

Washa. Enjini ya boksa, yaani hii ya Subaru yenye pistoni zilizolala ubavu, ikiwa baridi mara nyingi inatoa kelele ya pistoni kama kugongagonga kwa upole, halafu inapungua kadiri inavyopata moto. Hiyo wengi wanaishi nayo. Mbaya ni ile inayobaki au kuongezeka ikishapata moto: pandisha mpaka 3,000 hivi kisha achia ghafla, ukisikia "kok kok kok" mzito wakati mzunguko unashuka, hiyo ni beringi ya konrodi inakuaga kwaheri. Zima hapo hapo. Usiambiwe ni tapeti, usiambiwe weka oili nzito itanyamaza. Itanyamaza kweli, mpaka siku konrodi itoke ubavuni mwa bloku.

Moshi wa bluu kidogo ukiwasha na kupotea, hiyo ni yako ya kufuatilia. Moshi mweupe mzito unaokaa na wenye harufu tamu ni maji yanaungua. Mweusi ni petroli nyingi, na mara nyingi chanzo ni ile filta ya uyoga (ya wazi, bila boksi) aliyofunga mwenye gari aliyepita, tutafika huko.

Oili, leo leo

Usiulize ilimwagwa lini. Mwaga. Nunua oili iliyofungwa, sehemu unayoiamini, oili feki zipo na turbo haisamehe. 5W-40 au 10W-40 nzuri inatosha kwa joto letu, enjini inachukua lita 4 na kidogo. Filta ya zamani usiitupe, ikate kopo, kunjua ile karatasi uiangalie juani. Vumbi vumbi jeusi ni kawaida, vipande vinavyong'aa rangi ya shaba au fedha ni beringi, na hapo ni bora sampu (bakuli la oili chini ya enjini) ishuke kabla ya kuendelea na safari yoyote. Sampu ikishushwa, badilisha na bomba la kufyonzea oili, kwenye EJ linajulikana kwa kupasuka, na likipasuka linavuta hewa badala ya oili.

Halafu kosa moja ambalo nimelishuhudia kwenye gereji za njiani kuliko lolote. Subaru otomatiki ina oili ya difu ya mbele peke yake, na dipstiki yake, na nati yake ya kumwagia, tofauti na ya enjini na tofauti na ya giaboksi. Fundi asiyezijua anafungua ya giaboksi akidhani ni ya enjini, anamwaga, kisha anamimina lita 4 mpya juu ya zile zilizokuwemo kwenye enjini. Unaondoka na enjini imefurika na giaboksi kavu. Kwa hiyo simama hapo, oili ya enjini iliyotumika ni nyeusi, ikitoka nyekundu au inanuka kama yai bovu mwambie afunge.

Baada ya hiyo ya kwanza mwaga tena ikifika kama kilomita 1,000, halafu kila 5,000. Dipstiki kila wiki. EJ turbo kula oili kidogo ni tabia yake, kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja, ukisubiri taa ya dashibodi ikuambie umechelewa.

Mkanda wa taimingi

EJ turbo mkanda ukikatika vavu zinagonga pistoni. Kiwanda kinahesabu kama kilomita 100,000, ila kilomita za dashibodi ya gari iliyopita mikono hivyo sizihesabu kabisa. Kama hakuna risiti, mkanda unabadilishwa, na si mkanda tu: tenshena (kikaza mkanda), puli zote pamoja na ile yenye meno, na pampu ya maji wakati uko humo ndani. Mara nyingi mkanda wenyewe haukatiki, beringi ya puli ndio inajam na kuuchana.

Fundi akifanya kazi hii wewe angalia vitu vitatu. Alama ya puli ya krankishafti ni kile kikwaruzo kidogo kwenye jino la nyuma, sio mshale ulioko mbele, mshale umeshadanganya wengi. Tenshena ya haidroliki inabanwa kwa vaisi taratibu ikiwa imesimama wima, akiigonga na nyundo hiyo ishakufa. Na kamshafti za upande wa kushoto zinabanwa na springi za vavu, akiziachia zikaruka zinaweza kugonganisha vavu hapo hapo. Akimaliza azungushe enjini kwa spana mizunguko miwili kamili, kwa mkono, kabla ya kugusa stata. Ikikwama popote, anarudi mwanzo.

Maji, hapa ndio Subaru za Uganda zinafia

Mafundi wetu wana dawa moja ya joto: toa themostati, eti nchi yetu ni ya jua. Kwenye EJ themostati iko chini, kwenye mdomo wa pampu, na kazi yake sio kufungua tu, inaziba pia ile njia ya pembeni maji yanayorudia kwenye enjini bila kupita rejeta. Ukiitoa, barabarani enjini haipati moto wake inabaki kumwaga petroli nyingi, na kwenye foleni au mlima sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo. Rudisha themostati, na iwe ya Subaru yenyewe, inaanza kufunguka digrii 76 mpaka 80. Za bei rahisi ni ndogo kwa umbo, ziweke pamoja mezani utaona mwenyewe.

Kwenye rejeta weka kulanti (dawa maalumu ya kupozea), maji ya bomba yanaleta kutu na kula pampu. Ukikuta maji ya rangi ya chai, osha mpaka yatoke masafi kabla ya kumimina mpya.

Kutoa hewa ndio sehemu watu wanaharibu. Boksa imelala, hewa inapenda kujificha kwenye hedi. Pandisha pua ya gari kwenye kilima kidogo, Kampala kilima hakitafutwi, fungua kile kiskrubu cha plastiki juu ya rejeta, mimina kupitia lile tangi dogo la chuma lililoko juu ya enjini karibu na intakula (kipoza hewa ya turbo), taratibu sana, mpaka maji yatoke kwenye skrubu bila povu. Funga skrubu, washa, hita weka joto la mwisho, acha mpaka feni za rejeta ziwake na kuzima mara kadhaa. Zima, acha ipoe kabisa, ongeza. Hita ikitoa baridi wakati enjini ya moto bado kuna hewa, rudia.

Kisha angalia chupa ya akiba baada ya kuendesha kwa nguvu kidogo. Viputo vinavyoendelea kutoka, au maji ya chupa yananuka ekzosi, ni gesi ya silinda inapita kwenye gasketi. Hapo hakuna unga wa kuziba utakaokusaidia, ni kushusha enjini, kupima hedi kama imepinda, na gasketi nzuri za chuma.

Pima komplesheni (presha ya silinda), ila usome namba kwa akili

Enjini ya moto, plagi zote nje, petroli imekatwa, betri imejaa, mguu umekanyaga mpaka mwisho. Kwa WRX ya EJ205 kitabu cha kiwanda kinaanzia kama psi 142. Sasa Kampala tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, geji itasoma chini kwa zaidi ya asilimia 10 hata kwenye enjini nzima kabisa. Kwa hiyo 125 sio msiba. Unachotafuta ni usawa: kitabu kinataka tofauti isizidi psi 7 hivi, kwa gari ya umri huu mimi sishtuki mpaka ikaribie 15. Silinda moja ikiwa chini peke yake, hasa namba 4, ile ya nyuma upande wa abiria, shuku pistoni imevunjika kingo za ringi. Mimina kijiko cha oili humo upime tena, ikipanda ni ringi, ikibaki pale pale ni vavu au gasketi.

Plagi ukizitoa zipange kwa mpangilio uzisome. Mpya weka za aina iliyoandikwa kwa enjini yako, zibane kwa toki renchi (spana ya kupima nguvu ya kukaza), hedi ni ya alumini.

Njia ya hewa na turbo

Ile filta ya uyoga, toa. Sensa ya hewa ya Subaru inahesabu hewa ikipita kwa utulivu ndani ya boksi la kiwanda, ukiweka uyoga mahesabu yanapotea. Na vumbi la barabara za murram linalopita humo linakula mapanga ya turbo. Hiyo valvu ya kutoa hewa nje kwa mlio nayo rudisha ya kiwanda, kompyuta imeshaihesabu ile hewa na kuipa petroli, wewe umeimwaga nje, ndio maana inatoa moshi mweusi kila ukibadilisha gia. Najua vijana hawatanisikia hapa.

Toa bomba la kuingiza, shika shafti ya turbo kwa vidole. Kucheza kidogo kushoto kulia ni kawaida, kuingia na kutoka hapana, na mapanga yasiguse ukuta. Enjini nyingi zenye AVCS (mfumo wa Subaru wa kubadilisha taimingi ya vavu) zina kijichujio kidogo ndani ya boliti ya bomba la oili inayokwenda kwenye turbo, kikiziba turbo inakufa kwa kiu. Kitoe ukisafishe au uweke kipya, ni kazi ndogo kuliko turbo.

Kupima kama hewa ya turbo inavuja huhitaji mashine. Nenda duka la mabomba nunua kifuniko cha plastiki kinachotosha mdomo wa turbo, kitoboe weka valvu ya tairi, kifunge na klipu, jaza hewa psi 10 mpaka 15 kutoka kwa jamaa wa pancha, nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo na kwenye kingo za plastiki za intakula. Povu litakuonyesha. Nguvu nyingi zilizopotea zinapatikana hapa bila kununua chochote.

Giaboksi, difu, na tairi nne za familia moja

Hii wengi hawaijui mpaka iwakute. Difu za Subaru zina hesabu tofauti, kuna 3.9, 4.11, 4.44, na ya mbele lazima ikubaliane na ya nyuma. Mtu akibadilisha giaboksi kwa ile aliyoipata sokoni bila kulinganisha difu, gari inatembea vizuri tu mwanzoni huku difu ya kati inaungua. Pima hivi: gia huru, nyanyua nyuma yote weka stendi, zuia za mbele, zungusha tairi za nyuma zote mbili pamoja mzunguko mmoja kamili huku mwenzako anahesabu propela shafti. Ikizidi nne kidogo tu ni 4.11, ikikaribia nne na nusu ni 4.44. Kisha linganisha na kodi (namba ya utambulisho) ya giaboksi iliyofungwa sasa hivi, sio ile ya kwenye kibati cha gari. Baadhi ya STI za gia sita zina 3.9 mbele na 3.54 nyuma na ziko sawa, giaboksi yenyewe inarekebisha, usiende kuharibu.

Halafu tafuta uwanja mtupu, kata usukani mpaka mwisho, tembea pole pole. Gari ikikaza, inaruka ruka au kulia kama tairi zinagombana, difu ya kati imekaza au tairi hazilingani. Tairi zote nne ziwe aina moja na zimechakaa sawa. Kuweka mbili mpya mbele na mbili za mtumba nyuma kwenye gari ya miguu minne ni kununua giaboksi kidogo kidogo.

Oili ya giaboksi ya kawaida ya gia tano ni lita 3.5 ya 75W-90 GL-5, difu ya nyuma kama lita 0.8. Badilisha zote. Fungua nati ya kujazia kabla ya kumwaga, ikikataa kufunguka utajua mapema. Na siku ikiharibika njiani usikubali breakdown iinyanyue magurudumu mawili na kuyaburuta mengine, ipande juu ya lori magurudumu yote manne.

Breki, miguu

Futa oili ya breki yote, weka DOT 4, usisahau klachi nayo inatumia hiyo hiyo. Pini za kalipa zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi yake. Diski zipimwe unene, zisichongwe tu kwa mazoea.

Chini angalia bushi za nyuma za mikono ya mbele, linki za stabilaiza, bolijointi na beringi za nyuma, mashimo yetu yanaanzia hapo. Buti ya ndani ya shafti ya mbele upande wa dereva iko jirani na ekzosi ya turbo, inakauka na kupasuka kabla ya nyingine zote. Shoki ukibadilisha badilisha jozi. Kisha alaimenti, mwisho, sio mwanzo. Zile za kutoka Hokkaido na sehemu za theluji chunguza kutu juu ya shoki za nyuma na ndani ya matao ya magurudumu.

Nyaya

Alamu, turbo taima, traka ya mwenye gari wa zamani au ya mkopeshaji, vyote vimeunganishwa kwa kukata waya na kuzungushia tepu. Tafuta kila kimoja, uking'oe ulichokuwa hukijui na uunganishe waya wa asili kwa solda (risasi ya kulehemu). Turbo taima (kifaa cha kuacha enjini iendelee kidogo baada ya kuzima) haikusaidii sana, turbo hizi zinapozwa na maji, kilomita ya mwisho kabla ya nyumbani endesha pole inatosha.

Sasa ikanyage, kwa hatua

Siku za kwanza zunguka mjini, foleni ya Jinja Road ni kipimo kizuri cha feni na themostati. Ikishika joto lake, toka mpaka Mukono, rudi, angalia maji, oili, na nati za tairi kwa toki renchi kama Nm 100. Ndipo uende Jinja au Masaka.

Petroli weka ile ya juu siku zote. WRX na STI za Japani zilipangwa kwa petroli ya huko ya oktani 100, hapa unaweka ya chini ya hapo kwa hiyo kompyuta inarudisha taimingi nyuma kujikinga. Ukisikia mlio kama mchanga unatikiswa kwenye kopo wakati unapanda mlima umekanyaga, achia mguu mara moja, endesha bila turbo mpaka nyumbani.

Na kama baada ya yote haya bado unataka nguvu, usianze na busti kontrola (kifaa cha kuongeza presha ya turbo). Tafuta mtu mwenye sensa ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli na anayerekodi data wakati gari inakimbia, akupangie ramani mpya ya kompyuta ya enjini kwa petroli ya hapa hapa. Akikwambia ana faili moja nzuri kwenye laptopu inayofanya kazi kwenye WRX zote, mshukuru, washa gari, ondoka.